Jibu: Hiyo orodha ya majina ichaneni leo

Mdogo wangu, unauliza ukumbi, nauli, idadi ya watu na programu ya kukusanyia majibu, maana mmepata fedha kidogo za utafiti shirikishi: vijana mashoga, wasagaji na wengine wa jamii yetu hapa Malindi wawahoji wenzao kwa nini wanaogopa kliniki. Sawa. Halafu katikati unapenyeza, kama si kitu, kwamba "orodha ya majina na namba za simu tumeshaianza."

Acheni. Hapo hapo.

Nasi tuliandika yetu. Mshauri alishuka kutoka Nairobi na suti yake (joto likamvua koti kabla ya chai ya saa nne), akatuambia mfadhili halipi nauli bila karatasi: jina kamili, namba ya kitambulisho, simu, sahihi. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa, kaandika kikao ni cha kina nani. Tukamuuliza, je, ikidondoka? "Data iko salama." Data gani, bwana we, karatasi ile! Mwenzetu akaenda kuitoa kopi saiba, akaiacha yenyewe chini ya kifuniko cha mashine. Kufika Magharibi picha yake inazunguka WhatsApp za mtaani. Shangazi yangu akanijia na miwani puani, aniulize kama yule wa mstari wa pili ni mimi. Nikamwambia ni semina ya uvuvi. Mimi, nisiyejua changu wala tafi!

Wengine hawakuwa na shangazi wa kudanganyika. Mmoja alifukuzwa kwao Muyeye na nguo alizovaa. Mwingine akaacha kwenda kuchukua ARV zake, akihofia kumkuta kliniki mtu aliyeiona ile picha. Hilo haliniishi, kwa sababu utafiti wenyewe ulikuwa wa kujua kwa nini vijana wanaacha dawa. Jibu tulilipata: sisi.

Mshauri akatuma pole kwa barua pepe, na fomu ya kuripoti tukio. Ilikuwa na nafasi ya kujaza majina ya walioathirika.

Mkiona natia chumvi, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoharamisha ngono "kinyume na maumbile", kipo, miaka 14 jela, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukiondoa. Mtwapa, Februari 2010, watu walivamia kituo cha afya kwa uvumi tu wa harusi ya mashoga, bila orodha yoyote mkononi. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu afya ya mtu na mwelekeo wake wa kijinsia kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo msidhani ikivuja ataulizwa mshauri peke yake.

Basi: jina halisi lisiandikwe kabisa. Sisemi lifungiwe kabatini, nasema lisiandikwe. Kila mtu ajipe jina la kupanga (wetu walijiita samaki, tulikuwa na Pweza wawili, vurugu tupu). Ridhaa itolewe kwa mdomo, asaini mtafiti rika (kijana mwenzao anayehoji) aliyeshuhudia. Wekeni hivyo kwenye maombi ya kamati ya maadili ya utafiti, si jambo geni kwao. Nauli taslimu, mkononi, maana kila ukituma kwa M-Pesa umeandika orodha nyingine, yenye jina la kitambulisho na saa yake. Mkichora ramani ya sehemu za hatari, jadilini, andikeni mlichojifunza, kisha ichomeni mbele ya wote. Simu zibaki nje. Na kwenye ripoti msiandike "shoga, miaka 22, fundi cherehani, Barani." Mji huu hilo ni jina kamili na la babu yake.

Mfadhili akigoma, nanyi gomeni. Wetu alinuna, mwisho akakubali hesabu za majina ya samaki na sahihi za watafiti wawili.

Programu sizijui, mimi ni wa kalamu. Ukumbi watakwambia wengine. Wewe nijibu kwanza: hiyo orodha iko wapi sasa hivi, na nani ana kopi?