Muhula mmoja ng'ambo: anza na kozi, nchi itafuata

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaotaka kusoma muhula mmoja katika chuo cha nchi nyingine kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Tumechagua tano zinazogusa mambo yanayowakwamisha wengi.

SWALI: Niko mwaka wa pili, nasomea uhandisi wa umeme. Nataka muhula wa kwanza wa mwaka wa tatu nikasome nje. Wenzangu wananiambia nichague nchi kwanza. Nianzie wapi, na je, nimeshachelewa?

JIBU: Nchi iache kwanza. Chukua mtaala wa shahada yako, andika kozi zote za muhula utakaokuwa nje, kisha zigawe mafungu matatu: za lazima ambazo kozi nyingine zinazitegemea, za lazima zisizotegemewa na nyingine, na za kuchagua. Fungu la kwanza ndilo hatari. Tuseme nadharia ya saketi inafundishwa kwenu mara moja tu kwa mwaka, na bila kuifaulu husajiliwi kozi ya mifumo ya udhibiti. Ukienda nje usipate kozi inayolingana nayo, muhula mmoja umekula mwaka mzima. Muhula mzuri wa kuondoka ni ule wenye kozi nyingi za kuchagua, hata kama siyo ule uliokuwa ukiuwazia.

Ukishajua unahitaji kozi gani, nenda ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chako uombe orodha ya vyuo washirika. Uliza mambo mawili. La kwanza: mkataba unahusu kitivo chako? Mikataba mingi hufungwa kati ya kitivo na kitivo, kwa hiyo chuo kinaweza kuwa kwenye orodha na wewe usiwe na nafasi hata moja. La pili: ada inalipwa wapi? Katika kubadilishana wanafunzi, kwa kawaida unaendelea kulipa ada chuoni kwako na chuo mwenyeji hakikutozi ada ya masomo. Ukienda nje ya mkataba, wewe ni mwanafunzi mgeni anayejilipia, na ada ya mwenyeji ni juu yako. Soma vizuri fomu unayojaza ni ya kundi lipi, maana majina yake hukaribiana sana.

Kuhusu muda, hesabu kutoka siku ya kuondoka ukirudi nyuma. Kwa muhula unaoanza Agosti au Septemba, vyuo wenyeji vingi hufunga maombi kati ya Machi na Mei. Lakini huwezi kuwaombea moja kwa moja. Sharti chuo chako kikuteue kwanza na kutuma jina lako kwao, na mchujo wa ndani hufanyika miezi kadhaa kabla ya hapo. Kwa hiyo anayetaka kuondoka mwanzoni mwa mwaka wa tatu huomba mwanzoni mwa mwaka wa pili, takriban miezi kumi hadi kumi na miwili kabla. Kama mchujo umepita, ulizia nafasi zilizobaki. Huwa zipo, hasa kwenye vyuo visivyo na majina makubwa, na mara nyingine huko ndiko kozi zako zinakolingana vizuri zaidi.

SWALI: Dada yangu alisoma kozi tano nje, aliporudi idara yake ikakubali mbili tu. Amechelewa kuhitimu kwa sababu hiyo. Nifanye nini yasinikute?

JIBU: Pole kwa dada. Hili ndilo jambo zito kuliko yote kwenye safari hii. Viza ikikataliwa unabaki nyumbani na muhula wako, lakini kozi zikikataliwa umeshatumia fedha na miezi.

Dawa yake ni hati moja inayosainiwa kabla hujaondoka. Kwenye Erasmus+, mpango wa Ulaya wa kufadhili wanafunzi wanaosoma nje, hati hiyo ni ya lazima, inaitwa makubaliano ya masomo, na ina saini tatu: yako, ya chuo chako na ya chuo mwenyeji. Hata kama unakwenda Japani au Marekani, tengeneza ya kwako kwa mtindo huohuo: upande mmoja kozi ya mwenyeji, upande wa pili kozi ya kwenu inayofidiwa, pamoja na krediti na saini.

Ili kozi ikubaliwe, jina lake peke yake halitoshi. Kozi ya "Takwimu" katika kitivo cha sayansi ya jamii inaweza kuwa wastani na chati tu, wakati idara yako inataka nadharia ya uwezekano. Ambatanisha silabasi yenye mada za kila wiki, saa za mihadhara na za maabara, vitabu vinavyotumika na namna ya upimaji. Mpelekee kwanza mwalimu anayefundisha kozi hiyo kwenu, kwa kuwa ndiye anayeweza kusema inalingana. Kisha pata saini ya mwenye mamlaka, yaani mkuu wa idara au mratibu wa mitihani. Ahadi ya mdomo usiitegemee. Wakuu wa idara hubadilika, na anayekuja hafungwi na maneno ya aliyeondoka.

Krediti nazo huwapoteza watu. Ulaya hutumia ECTS, mfumo wa pamoja wa kuhesabu krediti: krediti 60 kwa mwaka, 30 kwa muhula, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi yote, pamoja na kujisomea. Uingereza mwaka mzima ni krediti 120, kwa hiyo mbili zao ni moja ya ECTS. Marekani kozi ya kawaida ina krediti 3 na muhula wa kawaida una 15, hivyo vyuo vingi huhesabu moja ya Marekani kuwa mbili za ECTS. Kosa la kawaida ni kulinganisha idadi ya kozi, tano kwa tano, kumbe tatu kati ya hizo zina krediti 3 za ECTS kila moja na mzigo wako haujafika krediti 30 za muhula.

Usiombe idhini ya kozi tano. Omba ya saba au nane. Ratiba ya vipindi aghalabu hutoka wiki chache tu kabla ya muhula, na hapo ndipo utakuta kozi moja imehamishiwa muhula mwingine, mbili zinagongana saa ileile, nyingine imejaa wanafunzi wa pale, na nyingine inafundishwa kwa lugha ya nchi ile ingawa maelezo yake yameandikwa kwa Kiingereza. Mwenye akiba ya kozi zilizokwisha kuidhinishwa hubadili siku hiyohiyo. Asiye nayo huandika barua pepe nyumbani na kungoja huku dirisha la kubadili kozi, ambalo vyuo vingi vya Marekani hulifunga ndani ya wiki moja au mbili, likimfungia. Na ukibadili, hati nayo ibadilishwe na kusainiwa upya.

Uliza pia alama zitageuzwaje. Ujerumani 1,0 ndiyo bora, 4,0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, na 5,0 ni kufeli. Ufaransa alama ni juu ya 20, kufaulu ni 10, na anayepata 16 amefanya vizuri sana. Karani akiigeuza 14 ya Ufaransa kuwa asilimia 70 kwa hesabu ya kawaida, amekudhulumu bila kujua. Taka kuona jedwali la kugeuzia alama kabla ya safari. Kama chuo chako kinaruhusu kozi za nje kuandikwa "amefaulu" au "hakufaulu" bila kuingia kwenye wastani, ushauri wetu ni kulichukua chaguo hilo.

SWALI: Barua ya udahili imechelewa na zimebaki wiki kumi. Naweza kuingia kwa viza ya utalii, kisha nikabadilishia hukohuko?

JIBU: Hapana. Viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja ya pamoja, inaruhusu siku 90 ndani ya kila siku 180, na muhula ni miezi minne hadi sita. Unachohitaji ni viza ya muda mrefu inayotolewa na nchi yenyewe unayokwenda, na nchi nyingi hazikuruhusu kubadili ukiwa ndani. Utaambiwa urudi ulikotoka ukaombe upya, huku masomo yakiendelea bila wewe.

Kila nchi ina mlango wake. Marekani, mwanafunzi wa kubadilishana kwa kawaida huingia kwa viza ya J-1: chuo mwenyeji kinakutumia fomu ya DS-2019 inayothibitisha umekubaliwa kwenye mpango, unalipa ada ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) ambayo ni dola 220, unajaza fomu ya maombi ya viza ya DS-160, kisha unakwenda kwenye usaili. Ukishapata viza, huruhusiwi kuingia zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyo kwenye fomu, kwa hiyo usikate tiketi mapema mno. Japani, chuo ndicho kinachokuombea kwanza cheti cha ustahiki, ambacho huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, na viza hufuata baadaye. Kanada, masomo yasiyozidi miezi sita kwa kawaida hayahitaji kibali cha masomo, lakini ruhusa ya kuingia nchini ni jambo jingine na bado utahitaji kuiangalia.

Kwa wiki kumi zako, kinachochelewesha zaidi ni miadi ya ubalozi. Ikate leo, nyaraka utazikamilisha ukingoja siku yako. Hakikisha jina ni lilelile, kwa mpangilio uleule, kwenye pasipoti, barua ya udahili, transkripti (hati ya matokeo yako) na taarifa ya benki. Jina la tatu likionekana hapa na kukosekana pale, faili linasimama. Pasipoti iwe hai angalau miezi sita baada ya tarehe ya kurudi. Na fedha zisiingizwe benki zote siku tatu kabla ya kuomba. Afisa anayeona salio limepanda ghafla atauliza zimetoka wapi, kwa hiyo ambatanisha barua ya mfadhili na taarifa ya benki yake ya miezi kadhaa.

SWALI: Ada sitalipa kule, nimehakikisha. Kwa nini basi wazazi wangu wanaambiwa waandae fedha nyingi hivyo?

JIBU: Kwa sababu ada ni sehemu tu, na kwa sababu mwezi wa kwanza haufanani na inayofuata.

Kabla ya kuondoka kuna viza, tiketi, bima na uthibitisho wa fedha za kujikimu. Ujerumani, kwa mfano, tangu Septemba 2024 inataka euro 992 kwa kila mwezi, mara nyingi kwenye akaunti maalumu iliyozuiliwa ambayo unatoa kiasi cha mwezi mmoja tu kwa wakati. Fedha hizo ni zako, lakini lazima ziwepo zote mwanzoni. Bima nayo ina masharti: kwa J-1 iwe na angalau dola 100,000 kwa kila ajali au ugonjwa, 50,000 za kusafirishwa kwa matibabu na 25,000 za kurejesha mwili nyumbani ukifariki, na sehemu unayojilipia isizidi dola 500. Bima ya bei nafuu isiyofikia hapo ni fedha iliyopotea.

Mwezi wa kwanza ndio mkali. Mwenye nyumba anataka amana pamoja na kodi. Sheria ya Ujerumani inaruhusu amana ya hadi kodi ya miezi mitatu, kwa hiyo unaweza kujikuta unahitaji kodi ya miezi minne mkononi. Omba hosteli ya chuo siku ileile unayopata udahili, na usimtumie amana mtu anayekuambia yuko safarini na funguo atakutumia kwa posta. Ni utapeli.

Kama una mkopo wa masomo, pata barua inayoonyesha kuwa bado umesajiliwa chuoni kwako muhula huo. Mwanafunzi aliye nje akihesabiwa kuwa ameahirisha masomo, malipo husimama. Na ufadhili wa Erasmus+ kwa kawaida hubakiza sehemu hadi urudi na kukamilisha nyaraka, basi usiihesabu sehemu hiyo kwenye matumizi ya kule.

SWALI: Mitihani ya kule inaisha Februari, kwetu muhula wa pili unaanza Januari. Nimekwama?

JIBU: Hujakwama, ila jambo hili limalize sasa. Muhula wa baridi wa Ujerumani kwa hesabu ya kiofisi ni 1 Oktoba hadi 31 Machi, mihadhara huishia karibu katikati ya Februari, na baadhi ya mitihani huja baada ya hapo. Waandikie walimu wa kule kabla ya kujisajili, uulize kama kuna mtihani wa mapema au insha badala yake. Kozi za semina zinazopimwa kwa insha ndizo rahisi zaidi, kwa sababu insha unaweza kuituma ukiwa umesharudi. Ikishindikana, tafuta nchi ambayo kalenda yake inakaa vizuri na yenu: muhula wa Agosti wa Marekani humalizika katikati ya Desemba, na muhula wa pili wa Australia hutoka Julai hadi Novemba.

Ukiwa unafunga mizigo, pata cheti cha mahudhurio chenye tarehe ya siku yako ya mwisho ya masomo. Kikisainiwa wiki moja mapema, mfadhili anaweza kukukata fedha za wiki hiyo. Toa anwani ya kutumiwa transkripti, maana matokeo hutoka ukiwa umeshaondoka. Na akaunti ya benki ya kule usiifunge mpaka mwenye nyumba awe amekurudishia amana.