Pevingi zimetitia toka getini, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ni mama naishi Nzuguni, mwaka jana tulitandika pevingi toka getini mpaka barazani, palipendeza kweli, sasa mvua zilivyoisha naona pale tairi zinapopita pametitia mistari miwili, maji yanatuama na majani yanaota katikati. Fundi aliyetuwekea anasema tumwage uji wa saruji kwenye nafasi zote ndo patatulia. Ni kweli?

JIBU: Salama mama, pole sana. Huo uji wa saruji usimwage, nakuomba. Pevingi inashikwa na mchanga uliobana kati ya tofali na tofali, na vile vitofali vinacheza kidogo gari likipita, kwa hiyo saruji itapasuka tu, halafu siku ya kurekebisha badala ya kung'oa na kurudisha utakuwa unavunja na kununua vingine.

Nikuulize, maji mnaletewa na boza? Huku Dodoma wengi tunaita boza maji yakikata, na boza la lita 10,000 ni tani 10 za maji peke yake, gari lenyewe hujalihesabu, wakati pevingi za sentimita 6 ambazo wengi tunaweka majumbani ni za gari ndogo. Liishie getini, mpira uvutwe mpaka kwenye tenki, hata kama dereva ananuna.

Cha pili angalia maji ya bati yanaangukia wapi. Mvua zetu ni za Desemba mpaka Aprili lakini zikishuka zinashuka kwa fujo, yakimwagikia kwenye pevingi yanachimba mchanga wote chini, weka gata uyapeleke pembeni.

Kurekebisha fanya sasa hivi kiangazi. Ng'oa sehemu iliyotitia na kidogo pembeni yake, toa mchanga, ukague chini, ukikuta ule udongo mweusi wa mbugani unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka, uchimbwe utolewe uwekwe moramu (ule udongo wa changarawe wa kujengea barabara), tena kwa tabaka, kila tabaka linyunyiziwe maji kidogo na kushindiliwa kwa kompakta ya kukodi (hapa ndo mafundi wengi wanaruka, wanapiga kwa miguu basi). Juu yake mchanga sentimita 3 hadi 5, usawazishe kwa ubao, na mteremko uwe kama sentimita 2 kwa kila mita kwenda nje, usielekee kwenye nyumba. Rudisha vitofali vikae juu kidogo kuliko vya jirani, vitashuka vyenyewe.

Halafu kila mwaka mvua zikiisha chekecha mchanga wa korongoni, uwe mkavu kabisa, umwage juu ufagie uingie kwenye nafasi mpaka zijae, hiyo ndo huduma kubwa kuliko zote na majani nayo yanakosa pa kuota. Yaliyokwisha ota ng'oa na mizizi yake udongo ukiwa na unyevu, au yamwagie maji ya moto. Chumvi hapana, inakula tofali.

SWALI: Fundi, pikipiki yangu inavuja oili, pevingi zimekuwa na madoa meusi, nikapige na ile mashine ya kuoshea magari? Kijana wa mtaa wa Kisasa, Dodoma.

JIBU: Mdogo wangu anza na pikipiki, ikarekebishwe, la sivyo utaosha kila wiki. Doa bichi limwagie majivu au vumbi la mbao, liache linyonye usiku kucha, ufagie, ndo usugue kwa sabuni ya unga na brashi ngumu, maji kidogo tu, hata yale ya kufulia yanafaa. Doa la zamani litapungua ila linaweza lisiishe, hapo geuza kitofali upande wa chini uwe juu, kama upande huo nao ni laini. Mashine ya presha inarusha mchanga wote wa kwenye nafasi, na ukishatoka huo mwakani utaniandikia swali kama la mama wa Nzuguni.