Ukungu Ukutani, Mende Jikoni: Wapangaji wa Nyumba za Umma Wanauliza

SWALI: Tunaishi kwenye flati ya nyumba za umma. Ukungu mweusi umetanda kwenye kona ya chumba cha watoto, nyuma ya kabati. Tumepaka rangi mara mbili na unarudi. Mtoto wetu mmoja ana pumu, usiku anakohoa sana. – Mama wa Watatu

JIBU: Pole sana, mama. Rangi iacheni kwanza. Inaficha ukungu kwa wiki chache, kisha inabanduka magamba kwa sababu ukuta chini yake bado umelowa. Kinachotakiwa ni kujua maji yanatoka wapi.

Futeni ukuta ukauke, kisha bandikeni kipande cha karatasi ya foili chenye ukubwa wa daftari, pande zote nne zikazwe kwa utepe wa gundi. Kiacheni siku 2. Umande ukikaa juu ya foili, upande wa chumbani, huo ni unyevu wa hewa ya ndani: mvuke wa jikoni na bafuni, nguo zinazoanikwa ndani, hata pumzi za wanaolala. Ukiwa nyuma ya foili, maji yamo ndani ya ukuta wenyewe: bomba linavuja, paa lina tatizo, au kuna ufa kwa nje. Wa ghorofa ya chini wakiona ungaunga mweupe wa chumvi usiozidi takriban mita 1 kutoka sakafuni, wahisi maji yanayopanda kutoka ardhini.

Kwa unyevu wa hewa, sogezeni kabati sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani. Pale nyuma hewa haipiti na ukuta wa nje ni wa baridi, ndiyo maana ukungu ulianzia hapo. Mkipika au kuoga, fungeni mlango na mfungue dirisha, mvuke usikimbilie vyumbani. Mkipata kipima unyevu, kisome chini ya asilimia 60.

Siku ya kuosha, mtoto asiwepo. Vaeni glavu na barakoa ya N95, mtumie maji na sabuni. Msikwangue pakiwa pakavu, kwani vumbi lile ndilo mbegu za ukungu. Kausheni siku hiyohiyo. Klorini hufuta weusi tu, haizami ndani ya plasta. Na kamwe msiichanganye na siki wala amonia, hutoa gesi ya sumu.

Ukungu ukizidi mita 1 ya mraba, au maji yakiwa ndani ya ukuta, hiyo si kazi ya mpangaji. Uandikieni usimamizi barua yenye tarehe, picha iliyowekewa rula, matokeo ya foili na taarifa ya pumu ya mtoto, mbaki na nakala. Malalamiko ya mdomo huishia mlangoni. Dawa za pumu ziendelee kama daktari alivyoagiza.

SWALI: Kila mwezi napuliza dawa ya mende. Wiki moja kimya, kisha wanarudi wengi zaidi. – Mpangaji wa Ghorofa ya Tatu

JIBU: Unawaua wachache na kuwahamisha wengine. Dawa ya kupuliza huwatawanya kupitia matundu ya mabomba hadi kwa jirani, halafu wanarudi. Yule mdogo wa kahawia mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa hubeba kifuko cha mayai 30 hadi 40, na dawa haikipenyi vizuri.

Tumia jeli ya chambo, yaani dawa laini yenye sumu ambayo mende huila kama chakula. Weka nukta ndogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti kwenye bawaba za kabati, chini ya sinki, na nyuma ya friji karibu na mota, mahali mtoto hafikii. Nyingi ndogo hushinda moja kubwa. Usipulize chochote karibu nayo, mende wataikwepa. Weka na mitego 4 ya gundi. Baada ya siku 3, unaoshika wengi zaidi ndio ulio karibu na maficho yao, hapo ongeza jeli. Kagua tena baada ya wiki 2.

Kisha ziba. Kuzunguka kila bomba sokomeza waya wa kusugulia masufuria, juu yake silikoni. Usiku sinki libaki kavu na koki inayodondosha itengenezwe, kwani mende huvumilia njaa kuliko kiu. Kinyesi na magamba yao huamsha pumu, kwa hiyo futa kwa kitambaa kilicholowa badala ya kufagia. Na ongea na wa juu, wa chini na wa ubavuni waweke jeli wiki hiyohiyo: mabomba yenu ni mamoja.