Maswali ya Wasomaji: Kasha la Barua za Babu

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu babu yetu mzaa baba alituachia kasha lililojaa barua na daftari za biashara yake ya nazi. Nyingi zimeandikwa Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, na sisi wajukuu hatuwezi kuzisoma. Kaka yangu anataka zifanyiwe laminesheni, na mjomba anashauri tuzichome kwa kuwa zina mambo ya ndani ya ukoo. Nimesikia kwamba Wamarekani huhifadhi hata shajara na barua za watu wa kawaida wa karne ya 19. Kwa nini wanajitaabisha hivyo, na zimesalimikaje muda wote huo? – Msomaji, Mikindani, Mtwara.

JIBU: Dada yangu, kabla ya lolote lingine, nakusihi kasha hilo lisikaribie moto wala mashine ya laminesheni. Nitaeleza sababu baada ya kujibu ulichouliza.

Katika jumuiya ya historia ya Pennsylvania, mjini Philadelphia, zimo shajara tatu ndogo za mfukoni za miaka ya 1863, 1864 na 1865. Aliyeziandika ni Emilie Davis, msichana mweusi aliyezaliwa huru, ambaye alijipatia riziki kwa kushona na kwa kazi za nyumbani. Kila siku aliandika mistari michache: nani alikuja kumtembelea, hali ya hewa ilikuwaje, alikwenda kanisani au shuleni. Katikati ya mistari hiyo mimi na wewe tunakutana na siku ya kwanza ya Januari 1863, tangazo la kuwaachia huru watumwa lilipoanza kufanya kazi, na tena Aprili 1865, mwili wa Rais Lincoln ulipopitishwa mjini humo na yeye akaenda kuuona. Vitabu vya historia vimeandika habari za marais na majenerali kwa wingi, lakini jinsi siku hizo zilivyoingia katika nyumba ya mshonaji tunaijua kwa kuwa yeye mwenyewe aliandika na mtu fulani hakutupa. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo thamani kubwa ya karatasi za aina hii, na orodha ya nazi za babu yako inayo thamani iyo hiyo.

Kuhusu kusalimika, sehemu ya jibu imo katika karatasi yenyewe. Hadi katikati ya karne ile karatasi nyingi zilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, nazo ni imara. Zile za rojo la miti zilizoenea baadaye hugeuka manjano na kukatika upesi, ndiyo maana barua ya mwaka 1830 huweza kuwa nzima kuliko gazeti la mwaka 1890. Sehemu nyingine ni gharama ya posta. Kabla ya mwaka 1845 Marekani ilitoza barua kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, na bahasha ilihesabiwa kuwa karatasi nyingine, hivyo watu walikunja barua yenyewe, wakaifunga kwa lakiri na kuandika anwani mgongoni. Wengine walijaza ukurasa, wakauzungusha, wakaandika tena mistari inayokatiza ile ya kwanza. Hata baada ya bei kushuka hadi senti 5, kisha senti 3 mwaka 1851, barua ilibaki kitu cha kutunzwa.

Lakini karatasi imara haitoshi bila ukoo wenye nia. Rais John Quincy Adams alianza shajara yake mwaka 1779 akiwa mtoto wa miaka 12, akaiendeleza hadi mwaka 1848, mabuku 51. Wazao wake walizitunza karatasi za ukoo mpaka zikakabidhiwa jumuiya ya historia ya Massachusetts mwaka 1956. Ukoo wa namna hiyo ulikuwa na nyumba kubwa na nafasi ya kutosha. Waliokuwa watumwa katika majimbo mengi ya kusini walikatazwa kwa sheria kufundishwa kusoma na kuandika, na pengo hilo katika makusanyo haliwezi kuzibwa.

Pwani yetu nayo imo humo. Richard Waters wa Salem, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani huko Zanzibar kuanzia mwaka 1837, aliacha shajara na barua zinazoeleza biashara ya pembe, sandarusi na kile kitambaa ambacho wazee wetu walikiita merikani. Tunajisoma kwa kalamu ya mnunuzi. Upande wetu tunayo mfano barua ya Kiswahili ambayo Machemba, kiongozi wa Wayao katika nyanda za juu za Makonde, alimwandikia Wissmann, kamishna wa Wajerumani waliokuwa wakiiteka pwani yetu, mwaka 1890 akikataa kumtii. Hoja zake tunazijua kwa sababu barua ilihifadhiwa.

Sasa kasha lenu. Laminesheni huunguza karatasi kwa joto na kuigandisha kwenye plastiki isiyoondoka tena, na gundi ya selotepu huacha madoa. Ondoeni pini zenye kutu, zifungeni barua kwa kitambaa safi cha pamba kwa mpangilio ule ule aliouacha babu, na muinue kasha kutoka sakafuni ili mchwa wasilifikie. Pigeni picha kila ukurasa, kisha mtafuteni mzee au mwalimu wa madrasa anayeisoma hati hiyo vizuri, na majina yanayotajwa yaandikwe kwenye karatasi ya pembeni kwa penseli. Mjomba naye ana haki ya kusikilizwa: ukoo unapokabidhi karatasi kwa hifadhi ya nyaraka, huweza kuweka sharti kwamba baadhi zisionyeshwe kwa wasomaji kwa miaka kadhaa.

SWALI: Je, naweza kuzisoma shajara hizo za Marekani nikiwa Lindi? – Msomaji, Lindi mjini.

JIBU: Unaweza, bila malipo. Kurasa za Davis na za Adams zimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, na Maktaba ya Bunge la Marekani tangu mwaka 2018 inawaalika watu wa kujitolea, popote walipo, kunakili maandishi ya mkono. Ukizoea mwandiko wa kale kwa wiki mbili tatu, utasoma.