Fundi wa Sauti Anajibu: CD mia mbili, kompyuta ndogo, na hofu ya bando

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Tanga. Nina CD karibu mia mbili na arobaini, nyingi za dansi na taarabu, nilizozikusanya tangu kaseti zilipoanza kuadimika madukani. CD pleya yangu lensi imechoka. Wimbo unakwenda vizuri, ghafla unaanza kurukaruka. Mwanangu anafanya kazi Muscat, na alipokuja likizo aliniletea kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi 4, akaniambia, “Baba, nyimbo zako zote zitakaa humu, utazichagua kwa simu.” Amesharudi kazini na kidude chenyewe bado kipo kwenye boksi lake. Vijana wa jirani wananitisha kuwa kitamaliza bando. Mwingine ananishauri nizigeuze zote MP3, nizijaze kwenye flashi, habari iishe. Nianzie wapi?
(Mwalimu mstaafu, Tanga)

JIBU: Aleikum salaam, Mwalimu, na shikamoo.

La bando tulimalize kwanza, maana ndilo linalowatisha wengi. Nyimbo zikiwa kwenye diski yako, nyumbani mwako, hazitoki nje kwenda popote. Zinasomwa kwenye diski, zinapigwa na hicho kidude, na simu yako inatoa amri tu kupitia ruta. Bando likikatika leo magharibi, muziki unaendelea, mradi ruta ina umeme. Wanaokutisha wanafikiria YouTube na zile huduma za kulipia kwa mwezi. Huko kweli bando huliwa.

Sasa nitakuudhi kidogo: Raspberry Pi iache kwenye boksi lake. Watu huanza na kifaa kwa sababu kinapendeza, wiki mbili baadaye wana kifaa kinachofanya kazi na nyimbo hamsini zenye majina ya “Track 01”. Kifaa utakifunga kwa jioni moja. Kazi iko kwenye CD, na ukiifanya vizuri mara moja hutairudia tena, hata kifaa kife ununue kingine.

Zigeuze CD zako uzitazame upande wa chini. Zenye rangi ya fedha tupu zimechapwa kiwandani. Zenye mng'ao wa kibuluu au kijani zimechomwa kwa kompyuta, na kwa dansi na taarabu zetu hizo ni nyingi sana. Hizo za kuchomwa ndizo uanze nazo. Data yake imeandikwa kwenye tabaka la rangi, na rangi hiyo huchakaa kwa joto, mwanga na unyevu, vitu ambavyo Tanga havijawahi kupungua. Ya kiwandani inaweza kukusubiri. Ya kuchomwa inaweza kusomeka mwaka huu na mwakani ikakataa.

Zioshe kwa maji na sabuni laini ya kuoshea vyombo, kisha zifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni. Usifute kwa kuzungusha, kwa sababu mchubuko unaofuata mzunguko hufunika data nyingi mfululizo na kompyuta hushindwa kuijazia. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kuwa upande dhaifu wa CD ni ule wenye picha. Chini kuna plastiki yenye unene wa milimita 1.2, lakini upande wa maandishi tabaka la data limefunikwa kwa vanishi nyembamba tu. Mkwaruzo wa chini mara nyingi hutibika. Wa juu ukishang'oa lile tabaka, wimbo umekwenda. Kwa hiyo uache mtindo wa kuzilaza mezani kifudifudi ukidhani unazilinda.

Kompyuta mpakato za siku hizi nyingi hazina sehemu ya kuingizia CD, kwa hiyo azima au nunua drive ya nje ya DVD inayochomekwa kwa USB. Kwa Windows tumia programu ya Exact Audio Copy, ya bure. Kwa Mac ipo XLD. Programu ya kawaida ikikutana na sehemu mbovu huiruka au huibahatisha, nawe unakuja kusikia “tik” katikati ya solo la gitaa. Exact Audio Copy huirudia sehemu hiyo mara nyingi hadi ipate jibu linalofanana, na ikishindwa inakuambia ni wimbo gani na dakika gani. Pia hulinganisha nakala yako na za watu wengine duniani waliowahi kunakili CD hiyo hiyo, kupitia hifadhidata iitwayo AccurateRip. Hapa ndipo sisi tunapoachwa: CD nyingi zilizotolewa Dar, Tanga au Unguja hazimo humo. Dawa ni kuchagua ile amri ya kuisoma CD mara mbili, kujaribu kwanza kisha kunakili. Namba za usomaji wa kwanza na wa pili zikilingana, nakala yako ni salama. Zikitofautiana, osha CD, jaribu drive nyingine.

Kuhusu MP3 na flashi, sikubaliani na yule kijana wa jirani, ingawa kwa redio ya gari namuunga mkono. Sauti ya CD ni vipimo 44,100 kila sekunde kwa kila spika, kila kimoja cha biti 16. Dakika moja ni kama megabaiti 10. MP3 hupunguza ukubwa kwa kutupa sehemu za sauti inazodhani hutazisikia, na kilichotupwa hakirudi. FLAC, aina nyingine ya faili la sauti, ambayo ni ya bure tangu 2001, haitupi kitu. Inaipanga data ile ile ikae mahali padogo, na ukiifungua unapata CD yako biti kwa biti. Albamu ya saa moja itachukua megabaiti 300 hadi 400. Piga hesabu ya CD 240: kwa wingi wake wote ni gigabaiti 96. Diski ya 256 inakutosha na nafasi inabaki. Ukihitaji MP3 za gari, utazitoa kwenye FLAC siku yoyote. Kinyume chake hakiwezekani.

Lakini usishangae ukikuta baadhi ya CD zako tayari ni MP3 zilizovaa kanzu ya CD. Mtu alipakua nyimbo, akazichoma, akachapisha jalada, akauza. Ipo programu ndogo iitwayo Spek inayochora wimbo: muda unakwenda kulia, sauti nyembamba zinapanda juu. CD halisi inaweza kufika kilohezi 22. MP3 ya kilobiti 128 kwa kawaida inakatwa kwenye kilohezi 16, mstari umenyooka kama uliopigwa kwa rula kutoka mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Usichanganye na rekodi za zamani za mkanda, ambazo nazo hazifiki juu. Zile hufifia taratibu, hazikatwi. Ukiona rula, nakili kama ilivyo, andika alama pembeni, na ukibahatika siku moja kupata CD ya kiwandani ya albamu hiyo utajua ya kubadilisha ni ipi.

Sasa majina. Hapa, Mwalimu, ndipo ualimu wako utakapofaa kuliko ufundi wangu. Programu itajaribu kuvuta majina ya nyimbo mtandaoni, na kwa CD za kwetu mara nyingi itarudi mikono mitupu, au italeta majina yaliyochapwa na mtu asiyejua Kiswahili. Utayaandika mwenyewe. Kabla hujaandika herufi moja, amua kanuni. Chukua Msondo: bendi hiyo imekuwa NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, sasa Msondo Ngoma. Au Sikinde: jalada moja linasema DDC Mlimani Park, lingine Mlimani Park Orchestra. Ukiandika kila CD ilivyo, bendi mbili zitatokea kwenye simu yako kama bendi saba. Mimi hutumia sehemu mbili tofauti. Kwenye “msanii wa albamu” naweka jina moja lisilobadilika, mathalani Msondo Ngoma, ili albamu zote zikae pamoja. Kwenye “msanii” wa kila wimbo naacha jina la wakati ule, NUTA Jazz au JUWATA, kwa heshima ya historia.

Taarabu ifanyie vivyo hivyo: kikundi, tuseme Ikhwani Safaa au Culture, kikae kwenye msanii wa albamu, mwimbaji akae kwenye msanii. Ipo pia sehemu ya mtunzi, ambayo wengi huiacha wazi. Ijaze pale jalada linapomtaja aliyetunga shairi. Utaipenda siku utakapotaka kusikiliza tungo za mtu mmoja zilizoimbwa na vikundi tofauti.

Tena kuna ile alama ya juu ya ng'. Kompyuta huandika moja iliyosimama, simu nyingine huweka iliyopinda, na mashine inaziona kuwa herufi mbili tofauti. Utatafuta “Ng'ombe” usimpate ilhali yumo. Chagua ile iliyosimama kila mahali. Na kwenye jina la faili usiweke alama ya kuuliza wala nukta mbili, Windows itakataa. Ziweke kwenye taarifa za wimbo tu. Kwa kusahihisha kwa mafungu tumia programu ya MusicBrainz Picard. Jalada lipige picha kwa simu, mbele na nyuma, uihifadhi kwenye folda ya albamu.

Haya, fungua boksi la Muscat. Nakushauri uweke mfumo uitwao piCorePlayer, pamoja na seva ya muziki ya Lyrion ndani yake, yaani programu inayopanga nyimbo zako na kuzipeleka kwenye pleya. Lyrion ni ile iliyokuwa Logitech Media Server. Pleya za Logitech ziitwazo Squeezebox ziliachwa kutengenezwa 2012, lakini programu ilikuwa wazi kwa umma, wapenzi wakaiendeleza. Sababu yangu ya kuichagua piCorePlayer ni umeme wetu. Mifumo mingi huandika kwenye memori kadi muda wote, na umeme ukikatika ghafla katikati ya kuandika, kadi huharibika na mfumo hauwaki tena. Hii hujipakia yote kwenye kumbukumbu ya muda pale inapowashwa, kisha haiandiki kwenye kadi muda wote. Umeme ukikatika, hatari ya kadi kuharibika ni ndogo zaidi.

Usiiwashe kwa chaja ya simu uliyoikuta kwenye droo. Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3. Matundu yake yote ya USB kwa pamoja hayatoi zaidi ya ampea 1.2, kwa hiyo diski ya nje ya kuzunguka inaweza kuielemea. Chukua SSD, haina kinachozunguka na haili umeme mwingi. Tundu la hedifoni lililopo pembeni litatoa sauti, ila nyembamba na yenye mvumo. Tafuta DAC, kifaa kinachogeuza namba kuwa sauti. Zipo za kuchomeka kwa USB na zipo za kupachika juu ya Pi yenyewe. Kutoka hapo waya wa nyekundu na nyeupe unaingia kwenye amplifaya yako kama CD pleya ilivyokuwa. Kwenye simu fungua kivinjari, andika anwani ya Pi kisha :9000, utaona majalada yako.

Mwanao akija tena likizo, mpe nakala ya pili ya nyimbo zote kwenye diski nyingine aondoke nayo. Diski moja tu si hifadhi, na wezi hawaulizi kilichomo.

SWALI: Fundi, hujambo? Pleya ya muziki tumeifunga na inapiga vizuri. Simu ya mume wangu inaiona, yangu haiioni, na zote ziko kwenye Wi-Fi ya nyumba hii hii. Chumbani nako muziki hukatakata.
(Dada wa Mji wa Kale, Mombasa)

JIBU: Sijambo, dada. Angalia kama simu yako imeingia kwenye Wi-Fi ya wageni. Ruta nyingi hutoa majina mawili, na lile la wageni hukupa intaneti lakini huzuia vifaa visionane. Kama jina ni moja, zima VPN, ile programu inayopitisha intaneti ya simu kwenye njia yake ya pembeni. Nadhani ni hiyo. Simu zenye VPN nazikuta kila siku, na mwenyewe amesahau aliiweka lini.

Kukatakata si kasi ya intaneti. FLAC haihitaji hata megabiti moja na nusu kwa sekunde. Ni kuta za mawe ya matumbawe za mtaa wenu: nene, na mawimbi ya Wi-Fi hayazipendi. Iweke pleya kwenye mtandao wa gigahezi 2.4, unaopenya kuta vizuri kuliko wa 5, au upitishe waya wa mtandao juu ya mlango mara moja, ubishi uishe.

SWALI: Nina CD ya kasida iliyorekodiwa hadharani, nyimbo zimeungana bila kituo. Nikiipiga kwenye kompyuta kuna kimya kidogo kati ya kasida na kasida, kinakata utamu. Kwenye CD hakipo.
(Msomaji, Dodoma)

JIBU: Umeinakili kwa MP3, sivyo? MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni mwa kila faili. Pleya nyingine hujua kukikata, nyingine hazijui. FLAC haina tabia hiyo. Inakili upya kwa FLAC, kisha kwenye mipangilio ya pleya uzime kile kipengele cha kufifisha wimbo mmoja ukiingia mwingine. CD yenyewe unayo, haitakuchukua hata nusu saa.