Ukienda Kumano Hongu Taisha, usiishie kituo cha basi

Basi la kutoka stesheni ya treni ya Kii-Tanabe huchukua kama saa mbili kupita kwenye milima ya rasi ya Kii, kusini mwa Osaka nchini Japani, na hukushusha miguuni pa Kumano Hongu Taisha, hekalu la dini ya Shinto. Wageni wengi hupanda ngazi, hupiga picha na kuondoka. Ushauri wangu: usipande ngazi bado. Chukua basi la kwenda kihekalu cha Hosshinmon-oji, kisha urudi kwa miguu.

Ni kilomita 7 hivi, na sehemu kubwa ni mteremko. Hiki ni kipande cha mwisho cha Nakahechi, mojawapo ya njia za kale za hija ziitwazo Kumano Kodo, waliyoipita hata wafalme wa Kyoto waliokwisha kung'atuka, karne nyingi zilizopita. Utakatiza vijiji, mashamba ya chai na msitu wa miti mirefu, na kukuta vihekalu vidogo viitwavyo oji. Penye Fushiogami-oji pumzika. Hapo ndipo mahujaji walipoliona hekalu kwa mbali kwa mara ya kwanza, wakaanguka kifudifudi. Ukiwa umelitembelea kwa miguu, utawaelewa. Ukishuka kwenye basi, sidhani.

Njia hii huingia hekaluni kwa nyuma, kwa hiyo ngazi 158 za mawe utazishuka badala ya kuzipanda. Kabla ya kusogelea majengo, nawa mikono. Wenyeji huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, kisha huinama tena. Kama dini yako haikuruhusu, hulazimishwi. Simama pembeni kwa adabu na uvue kofia. Kunguru wa miguu mitatu utakayemwona amechorwa kila mahali ni Yatagarasu, kunguru wa hekaya, yuleyule aliye kwenye nembo ya shirikisho la soka la Japani.

Usiondoke bila kufika Oyunohara, mwendo mfupi kutoka hapo. Hekalu lilikuwa huko, kando ya mto, hadi mafuriko ya mwaka 1889 yalipolibomoa. Majengo yaliyosalimika ndiyo yakahamishiwa kilimani. Leo limebaki eneo tulivu la nyasi na miti, na lango la torii lenye urefu wa karibu mita 34. Mimi hapa napapenda kuliko kule juu.

Beba sarafu za basi, na ulale Yunomine, kijiji cha chemchemi za maji moto kilicho jirani. Kibanda cha kuogea cha Tsuboyu hukodishwa kwa dakika 30, anayetangulia ndiye anayeoga, kwa hiyo wahi tiketi. Ukisubiri zamu, nunua mayai uyachemshe kwenye chemchemi.