Gereji: Maswali Yenu ya Ekzosi

*Assalaam alaykum, fundi. Nina pikapu ya Land Cruiser, injini ya 1HZ. Naifanyia kazi ya kubeba karafuu na ndizi kutoka mashambani hadi Konde na Wete. Masika ikiwa na mzigo, vilima vya udongo mwekundu vinaitesa na moshi mweusi unatoka. Sailensa nayo imetoboka tena, na ile ya kabla yake haikudumu vile vile. Fundi mmoja huku kanambia nitoe vyote, niweke bomba la inchi 3 lililonyooka, bila sailensa, eti gari itaruka. Nifanye?*
Msomaji wa Konde, Pemba

Wa alaykum salaam, mwanangu. Ekzosi, yaani bomba la moshi pamoja na sailensa yake, ibadilishe, maana hiyo uliyonayo imekwisha. Ila hilo bomba la inchi 3 bila sailensa usiliweke.

1HZ ni dizeli ya silinda sita, lita 4.2, haina turbo, ile feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa zaidi kwenye injini. Bomba pana linaifaa zaidi injini yenye turbo, kwa sababu moshi ukishapita kwenye turbo usipobanwa tena, turbo huamka mapema na joto la moshi hupungua. Mwenye Prado ya 1KZ akija kwangu kutaka inchi 3, namfungia kwa moyo mmoja. Wewe inchi 2.5 inakutosha na kubaki, kuanzia flanji, yaani kile kiungo cha boliti kwenye manifodi inayokusanya moshi wa silinda, hadi mwisho. Ukizidisha hapo utaongeza kelele tu, na bomba litakuwa linagonga chesisi na propela shafti kila ukiingia mtaroni.

Halafu huo moshi mweusi. Maana yake dizeli inayoingia ni nyingi kuliko hewa ya kuiunguza. Kwa njia zenye vumbi kama hizo za kuelekea Makangale, cha kwanza fungua eya klina uitazame mwangani. Nozeli zinazopulizia dizeli zipimwe, na nafasi za valvu pia. Uliza kama kuna mtu aliyeifungulia pampu izidi kumwaga dizeli. Gari za mizigo hufanyiwa hivyo sana, na mwenye gari hana habari. Ukiwa bado unaishuku ekzosi, iko njia ya kuipima isiyokutoa hata shilingi. Injini ikiwa baridi, legeza flanji ya mbele uliachie bomba. Hakikisha moto hauelekei kwenye waya wala kwenye bomba la mafuta, teremsha watu wote, fungua vioo, upande kilima kimoja unachokijua. Ikipanda vile vile kama jana, ekzosi haina kosa, na pesa zako zipeleke kwenye nozeli.

Sasa nije kwenye hilo la sailensa kutokaa, ambalo umeligusa kidogo tu nami naliona ndilo kubwa. Watu wanailaumu chumvi ya bahari. Chumvi inakula, sikatai, lakini sailensa nyingi ninazozipasua hapa gereji Mwanakwerekwe zimeoza kutoka ndani. Ukilipiga bati la nje kwa mpini wa spana linalia bubu, ingawa rangi bado ipo. Ukilikata kwa grainda unakuta ile mirija ya ndani yenye matundu imebaki kama chekecheke, na chini umelala uji mweusi wa masizi, wenye harufu kali ya kuchoma pua. Maji ya uji huo yanatoka kwenye injini yenyewe. Lita moja ya mafuta ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, ila yanatoka yakiwa mvuke. Gari ikienda masafa, sailensa inashika moto na mvuke wote unatoka nje. Sisi visiwa vyetu vidogo. Wete hadi Chake ni kama kilomita 30 tu, na wewe kutoka Konde hadi shambani huenda ni robo saa: unazima, unapakia, unawasha tena, unazima. Mvuke unapoa humo ndani, unageuka maji, unachanganyika na salfa ya dizeli na kuwa asidi, na asidi inalala chini ya sailensa usiku kucha.

Ndiyo maana sailensa nyingi huwekwa kijitundu kidogo sehemu ya chini tangu kiwandani. Asubuhi ukikiona kinadondosha maji, kiache, hiyo ndiyo kazi yake. Nasikitika kila nikikuta kimezibwa kwa kuchomewa na mtu aliyedhani bati limetoboka. Sailensa yako mpya ikiwa haina, itobolewe tundu la milimita 3 hivi upande wa chini kabisa inapokuwa imeshafungwa kwenye gari. Na mara moja moja, ukiwa na safari ya Mkoani, iendeshe moja kwa moja bila kuzimazima ipate kukauka.

Bomba lenyewe ulinunue kwa macho. Bomba jeusi la kawaida ni rahisi, nalo halitakaa. Lililopakwa alumini linadumu zaidi, isipokuwa pale lilipochomewa, kwa sababu moto unaondoa ule mpako. Pasugulie vizuri na upake rangi inayostahimili joto. Stenlesi ndiyo nzuri, lakini stenlesi si moja. Ile ya daraja la 409 inavutwa na sumaku na inapiga kutu ya juu juu upesi. Ya 304 ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8, na sumaku haiivuti, au inaivuta kidogo sana pale ilipokunjwa. Basi ukienda dukani chukua sumaku ya spika mbovu, uijaribishe mbele ya muuzaji kabla ya kutoa pesa. Hata hiyo 304 chumvi huichoma vidoa, lakini itakaa miaka mingi kuliko chuma cheusi. Muhimu ichomewe kwa vijiti vya stenlesi. Ukichomea stenlesi kwa vijiti vya kawaida, umenunua bomba la ghali lenye maungio ya kutu.

Usikubali bomba la maji lenye mpako wa zinki, hata ukipewa bure. Zinki ikipata moto wa kuchomea inatoa moshi mweupe ambao fundi akiuvuta anashikwa na homa usiku, anatetemeka mwili mzima. Kijana wa watu huyo, ana nyumba inamtegemea.

Pahala pa kukunja, tafuta mwenye mashine inayokunja bila kulibonyeza bomba. Inchi 2.5 iliyobonyea kwenye kona imeshakuwa inchi 2, na moshi unapita kwa kipimo cha pale palipobana. Bomba lipite juu ya mstari wa chini wa chesisi, lisiwe kitu cha kwanza kugusa jiwe. Lining'inizwe kwa mipira. Kulichomea moja kwa moja kwenye chesisi ni kosa, kwa sababu injini inatikisika na chesisi imetulia. Kitakachopasuka ni manifodi. Kupokea mtikisiko huo ndiyo kazi ya fleksibo, kile kipande cha bomba kinachopinda pale mbele, nayo kama ipo isitolewe. Kabla ya kuchomea chochote kwenye gari, vua waya wa betri, usije ukaunguza altaneta.

Na ukiteremka Vumawimbi kwa shughuli zako za pwani, gari iache ipoe kabla ya kuioshea maji baridi kwa chini. Manifodi ni chuma cha kusubu. Kikiwa cha moto kikapigwa maji, kinapasuka. Ioshe kwa maji matamu, tena siku hiyo hiyo.

*Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa Jambiani, nina Suzuki Escudo. Bomba la moshi lilikatika nyuma, fundi akalikata likaishia katikati chini ya gari, akasema ni sawa na gari imekuwa nyepesi. Nawapeleka watoto skuli, na siku nyingine nabeba magunia ya mwani mlango wa nyuma ukiwa umefungwa kwa kamba haujafunga vizuri. Watoto wanalalamika kichwa kinawauma, mdogo hulala njiani. Je, inaweza kuwa ni gari?*
Mama wa Jambiani, Unguja

Marahaba, mwanangu. Ndiyo, inaweza, na leo hii usiwapakie tena watoto mpaka bomba limerudishwa. Barua yako nimeiweka pamoja na ya mwanzo kwa makusudi, watu waone kuwa ekzosi si habari ya nguvu tu.

Kwenye moshi wa petroli mna gesi ya kabonimonoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu inajishika mahali pa oksijeni, na inajishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Dalili zake ndizo hizo ulizoandika: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Mtoto anaathirika upesi kuliko wewe unayeendesha, kwa kuwa anapumua haraka zaidi kuliko mtu mzima. Akishuka akapata hewa akawa mzima, ndipo mzazi anaposema alikuwa amechoka tu. Ikitokea mmoja analegea au haamki vizuri, mtoe nje penye hewa na mfikishe hospitali hapo hapo, na uwaambie madaktari kuwa ni moshi wa gari.

Bomba lililoishia chini ya sakafu linamwaga gesi pale pale penye matundu ya waya, mipira ya gia iliyochakaa na kutu ya sakafu. Na huo mlango wa nyuma uliofungwa kwa kamba unazidisha. Gari inapokwenda, nyuma yake hewa inakuwa pungufu na inazunguka, na moshi unavutwa uingie ndani. Kwa hiyo hata bomba likiwa zima, usiende mlango wa nyuma ukiwa wazi. Magunia yasipoingia yote, rudia safari, au yafunge juu ya keria.

Mwambie fundi alifikishe bomba hadi nyuma kabisa, lipite bampa kidogo, mdomo uelekee nje. Kisha umpime kazi yake. Asubuhi injini ikiwa baridi, mmoja awashe na mwingine azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kilicholoana, kwa sekunde chache tu. Palipo na mwanya patasikika pakipuliza. Pakaza maji ya sabuni kwenye maungio, yatatoa mapovu. Na tazama pembeni ya flanji na gasketi: doa jeusi la masizi lililotawanyika ni moshi unaopenya. Yote haya yafanywe uwanjani, si ndani ya banda. Na hayo matundu ya sakafu yazibwe kwa bati, si kwa zulia.

*Fundi, nina Jimny ya lita 1.3, petroli. Nataka kutoa katalitiki na kuweka ekzosi ya mlio mkubwa ili gari ipate nguvu mchangani. Kuna mtu yuko tayari kunitolea katalitiki bure.*
Kijana wa Mjini, Unguja

Anakutolea bure kwa sababu ndani ya katalitiki, hicho chombo cha kusafisha moshi, mna madini ya ghali: platinamu, paladiamu na rodiamu. Anayefanyiwa hisani hapo ni yeye.

Kwa injini ndogo isiyo na turbo, ukipanua bomba na kuondoa kila kizuizi, moshi unapoteza kasi yake bombani, na nguvu ya kuvuta kwenye mizunguko ya chini inapungua. Mchangani na kwenye tope unatembea kwenye mizunguko hiyo hiyo ya chini. Jimny yako ikiwa na sensa ya oksijeni nyuma ya katalitiki, taa ya injini itawaka na haitazimika. Sensa ya mbele nayo ikipata hewa kupitia maungio yaliyolegea, inadanganyika, injini inaongezewa petroli, na unalipa wewe kwenye pampu. Ikiwa katalitiki imeziba kweli, gari inakosa pumzi ukiikanyaga, hapo uwe na sababu ya kuibadilisha, kuweka nyingine nzima.

Mlio mkubwa usiuweke. Unakaa Mjini, nyumba zimebanana, mna wagonjwa na wazee na watoto wachanga, na sauti kwenye vichochoro vile haina pa kwenda ila madirishani mwa watu.

Mchangani kinachokusaidia ni tairi. Ukifika pwani teremsha upepo hadi psi 18 hivi, tairi itanuke na kutambaa juu ya mchanga. Usikate kona kwa kasi upepo ukiwa chini, tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu, na jaza tena kabla ya kurudi lami. Pampu ndogo ya kuunga kwenye betri inatosha, na bei yake haifiki hata nusu ya hiyo ekzosi.